Vioo Vilivyofunikwa: Enzi ya Uzinduzi wa Magari Mapya Marekani

Miongoni mwa mambo ambayo Wamarekani waliokulia katika miaka ya 1950 huyakumbuka kwa hamu kubwa, yamo majuma machache ya mwanzo wa majira ya vuli, wakati ambapo mawakala wa magari, katika miji mikubwa na midogo, walifunika vioo vya kumbi zao kwa karatasi, wakapokea magari yaliyovikwa maturubai juu ya malori, kisha wakatangaza katika gazeti la mji siku na saa ambayo toleo la mwaka unaofuata lingeonekana hadharani kwa mara ya kwanza. Hamu hiyo leo ina soko lake, kwa kuwa wapo watu wanaonunua kwa bei kubwa vijitabu vya rangi vilivyogawiwa bure usiku ule, mabango ya taa za neoni yaliyong'olewa juu ya mapaa, na hata vishikio vya funguo vyenye jina la wakala aliyefunga biashara miaka 50 iliyopita. Wanaosimulia habari hizo huzisimulia kana kwamba sherehe ile ilizaliwa yenyewe kutokana na furaha ya watu, ilhali ilibuniwa ofisini na kupigiwa hesabu kwa makini, na shabaha yake ya kwanza haikuwa kulisifu gari jipya bali kulizeesha lile ambalo mteja alikwisha kulinunua.

Wakala, katika mfumo wa Marekani, alikuwa mfanyabiashara anayejitegemea, aliyetia saini mkataba na kampuni moja ya kutengeneza magari, akanunua magari hayo kwa bei ya jumla na kuyauza kwa rejareja katika eneo lake. Mnunuzi wa kawaida hakwenda kiwandani. Alikwenda kwa wakala, na wakala huyohuyo ndiye aliyelipokea gari lake la zamani kama sehemu ya malipo, akamtafutia mkopo wa kulipa kwa awamu, na baadaye akalifanyia gari jipya matengenezo katika gereji iliyokuwa nyuma ya jengo. Msomaji aliyezoea yadi za Nairobi au Dar es Salaam, ambako Toyota, Nissan na Subaru zilizokwisha kutumika husimama bega kwa bega, hana budi kuwazia jambo tofauti kidogo, yaani ukumbi wenye nembo moja, magari mapya matupu, na mwenye mali ambaye mji mzima ulimjua kwa jina, kwa kuwa yeye ndiye aliyeifadhili timu ya besiboli ya watoto na kulipia tangazo katika kitabu cha mahafali ya shule.

Mfumo wa kubadilisha toleo kila mwaka una wazee wake wawili. Wa kwanza ni Alfred P. Sloan, aliyekuwa rais wa kampuni ya General Motors kuanzia 1923, na wa pili ni Harley Earl, mbunifu kutoka California aliyekabidhiwa mwaka 1927 idara mpya ya sanaa na rangi katika kampuni hiyo. Kabla yao soko lilitawaliwa na Henry Ford, ambaye alitengeneza zaidi ya Model T milioni 15 kati ya 1908 na 1927 bila kulibadilisha sana umbo lake, akiamini kwamba gari jema ni lile lililo rahisi, linalodumu, na ambalo bei yake huteremka mwaka hadi mwaka. Sloan aliona jambo ambalo Ford hakutaka kuliona: kufikia katikati ya miaka ya 1920 Wamarekani wengi wenye uwezo wa kununua gari walikuwa tayari wanalo, kwa hiyo kampuni isingeendelea kukua kwa kuwauzia wasio na gari, bali kwa kuwashawishi walio nalo waliache kabla halijachoka.

Kwa kuwa kubuni injini na chesisi mpya kila mwaka kungeifilisi kampuni yoyote, kilichobadilishwa kilikuwa ngozi ya nje. Viunzi vya chuma vya kukandamizia bati la bodi viligharimu fedha nyingi mno, hivyo bodi moja ilitumika kwa miaka kadhaa na kugawanywa kati ya Chevrolet, Pontiac, Oldsmobile, Buick na hata Cadillac, huku mambo yaliyokuwa rahisi kubadilishwa, yaani shoo ya mbele inayopitisha hewa kwenda kwenye rejeta, taa, bampa na mapambo ya kromu, yakipewa sura mpya kila vuli. Matokeo yake ni kwamba jirani aliweza kuujua mwaka wa gari la mwenzake kwa kuzitazama taa za nyuma tu, kama vile Mtanzania wa leo anavyolipima gari kwa herufi ya namba yake ya usajili na kujua papo hapo kama mwenyewe ametoka juzi kununua au anaburuta la zamani.

Kalenda yenyewe haikuanza katika vuli. Mpaka katikati ya miaka ya 1930 maonyesho makubwa ya magari yalifanyika New York mwezi Januari, jambo lililowafanya watu waahirishe kununua katika miezi ya baridi na kuviacha viwanda vikilala, kisha vikatingwa na kazi masika ilipofika. Chini ya serikali ya Franklin Roosevelt, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, watengenezaji walikubaliana mwaka 1935 kuuhamishia uzinduzi kwenye vuli ili ajira igawanyike vizuri zaidi katika mwaka. Hata hivyo, mfumo wa matoleo haukuacha kuwa na machungu yake, kwa maana kila kiangazi mitambo ilisimamishwa ili viunzi vipya vifungwe, na maelfu ya wafanyakazi wa Detroit wakarudishwa nyumbani kwa majuma kadhaa bila mshahara. Chama cha wafanyakazi wa magari, chini ya uongozi wa Walter Reuther, kilihitaji kungoja mpaka 1955 ndipo kikapata kwa Ford mkataba wa kwanza uliomlazimisha mwajiri kuchangia fedha za kumsaidia mfanyakazi aliyesimamishwa. Majuma yaleyale ambayo hukumbukwa kuwa ya shangwe kwenye mitaa ya maduka yalitanguliwa, katika mitaa ya viwanda, na majuma ya kukopa unga na nyama.

Vita Kuu ya Pili ilikatiza yote. Utengenezaji wa magari ya kiraia ulikoma Februari 1942, na ulipoanza tena 1945 kampuni zilitoa magari ya 1942 yaliyofanyiwa marekebisho madogo, ambayo watu waliyagombea kwa kuandikisha majina katika orodha ndefu na, mara nyingi, kwa kumpenyezea wakala noti chini ya meza. Gari la kwanza la Ford lililobuniwa upya kabisa baada ya vita, toleo la 1949, lilionyeshwa katika hoteli ya Waldorf-Astoria mjini New York mnamo Juni 1948, na kuanzia hapo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 ndipo ilipostawi sherehe ambayo leo inaliliwa.

Ustadi wa sherehe ile ulikuwa katika kuficha. Majuma kadhaa kabla ya siku yenyewe matangazo ya magazeti yalionyesha kivuli cha gari, au pembe moja tu ya taa, au umbo chini ya shuka, huku wakala akiwa ameyafungia magari halisi katika gereji ya nyuma au katika ghala la kukodi nje ya mji. Watoto walizunguka nyuma ya majengo kutafuta mwanya wa kuchungulia, na hata wabunifu wa kampuni pinzani walifanya vivyo hivyo: Agosti 1956 kijana wa General Motors aliyeitwa Chuck Jordan aliyaona magari ya Chrysler ya mwaka uliofuata yamepangwa nyuma ya uzio, mapezi yake ya nyuma yakiwa yamesimama juu, akarudi kuwaeleza wenzake, nao wakaanza upya michoro ya magari yao ya 1959. Wivu huo haukukosa sababu, ingawa magari hayo ya Chrysler, yaliyoharakishwa kutoka kiwandani, yalikuja kusifika vilevile kwa kuota kutu mapema.

Jioni ya uzinduzi ilipofika, karatasi ziliondolewa kwenye vioo, na taa kubwa za kumulika angani, nyingi zikiwa mabaki ya vita yaliyowahi kutumika kutafutia ndege za adui, zikawashwa mbele ya ukumbi ili zionekane kutoka mashambani. Ndani kulikuwa na kahawa na donati, maputo, pengine bendi ya shule, ua la kumpa kila mwanamke aliyeingia, na kwa watoto kigari cha plastiki kilichotengenezwa na kampuni kama AMT au Jo-Han kwa kipimo cha moja kwa 25 na kupakwa rangi zilezile za kiwandani, ili mtoto akirudi nacho nyumbani amkumbushe baba yake gari kubwa kila siku. Wanaume walifungua boneti na kuiinamia injini kwa uzito wa watu wanaosoma mkataba, wanawake walikaa nyuma ya usukani na kugusa vitambaa vya viti, na vijitabu vya picha, ambamo kila gari lilichorwa refu na pana kuliko lilivyo, viliisha mezani kabla usiku haujaingia sana. Wengi hawakuja kununua na wakala alilijua hilo. Alichotaka ni kwamba watakaporudi kwenye maegesho wayatazame magari yao wenyewe kwa jicho jingine.

Kwa kuwa katika miji mikubwa kumbi nyingi zilikuwa zimejengwa katika mtaa mmoja, kama vile South Michigan Avenue huko Chicago au Van Ness Avenue huko San Francisco, familia iliweza kuzunguka kwa miguu kutoka Buick hadi Hudson na kutoka Hudson hadi Packard. Majengo ya zamani ya mitaa hiyo, ya kabla ya vita, yalijivunia nguzo, marumaru na dari za nakshi mithili ya benki. Yale ya baada ya vita yalifuata wazo jingine, lililoelezwa katika kitabu cha mwongozo ambacho General Motors iliwatolea mawakala wake mwaka 1948, kwamba mbele ya ukumbi kuwe kioo kitupu kutoka sakafuni hadi darini, na taa zipangwe namna ambayo mtu anayepita kwa gari usiku ataliona gari jipya limeelea katika mwanga. Mbunifu wa kisasa hapati shida kuyasifia majengo hayo, kwani ni nadra biashara ya kawaida kujengewa nyumba iliyo wazi na ya uaminifu kiasi hicho kuhusu kile inachouza. Kilichokosa uaminifu kilikuwa mezani, si dirishani, na habari yake itafuata.

Juu ya sherehe za mawakala palikuwa na sherehe kuu. Kati ya 1949 na 1961 General Motors iliandaa maonyesho yaliyojulikana kwa jina la Motorama, yaliyoanzia Waldorf-Astoria na mengine yakazungushwa katika miji kadhaa, yakiwa na wacheza dansi, okestra, na magari ya ndoto, yaani magari ya majaribio yaliyoundwa moja moja ili kupima macho ya watu. Gari la Chevrolet Corvette lilionekana hapo mara ya kwanza Januari 1953 na kupokewa kwa shauku iliyoifanya kampuni ianze kuliunda mwezi Juni mwaka huohuo, ingawa ni magari 300 tu yaliyotoka. Mwaka 1955 viwanda vya Marekani viliunda takriban magari milioni 8, rekodi iliyodumu miaka mingi, na General Motors peke yake ilishika kiasi cha nusu ya soko. Mapezi ya nyuma, ambayo yalianza kama vinundu vidogo juu ya Cadillac ya 1948 kwa kuiga mkia wa ndege ya kivita ya Lockheed P-38, yaliongezwa kimo mwaka baada ya mwaka mpaka Cadillac ya 1959 ikafika mahali ambapo hapakuwa na pa kwenda tena ila kushuka.

Kushindwa kwa Edsel kunaonyesha vizuri kuliko ushindi wowote jinsi sherehe hii ilivyofanya kazi. Ford ilitumia takriban dola milioni 250 kuandaa aina hiyo mpya, ikaipa jina la marehemu Edsel, mtoto wa pekee wa Henry Ford, ikawavuta mawakala wapatao 1,200, baadhi yao wakiacha mikataba waliyokuwa nayo, na kwa miezi mingi ikalionyesha gari hilo likiwa limefunikwa tu. Tarehe 4 Septemba 1957 milango ilifunguliwa na watu walifurika kumbini; mwezi uliofuata televisheni ya CBS ikarusha kipindi maalumu cha gari hilo kilichowashirikisha Bing Crosby, Frank Sinatra na Louis Armstrong. Watu waliangalia, wakaicheka shoo yake iliyosimama wima, wakaona bei haiko mbali na ile ya Mercury ya kampuni ileile, na wakaenda zao. Mwaka 1958 ulileta mdororo wa uchumi, na kufikia Novemba 1959, baada ya magari yasiyofika 120,000, Edsel ilifutwa. Siri iliyotunzwa kwa muda mrefu huwatia watu matarajio ambayo hakuna bati wala kromu inayoweza kuyalipa, na Ford ilikuwa imewaahidi watu gari la ajabu huku ikiwa na gari la kawaida.

Gharama ya sherehe zote hizi ilijulikana hata wakati huo. Vance Packard, katika kitabu chake cha mwaka 1960 kuhusu ubadhirifu, aliishambulia tabia ya viwanda kubuni vitu ili vichakae upesi katika fikira za mnunuzi, na mwaka 1962 wachumi watatu, Franklin Fisher, Zvi Griliches na Carl Kaysen, walikadiria kwamba kama magari ya Marekani yangebakia na ukubwa na nguvu ya 1949, nchi ingeokoa takriban dola bilioni 5 kwa mwaka katika nusu ya pili ya miaka ya 1950, na kwamba mabadiliko hayo yaliongeza kama dola 700, zaidi ya robo, katika bei ya gari moja. Kampuni ya Volkswagen, iliyouza Marekani gari ambalo sura yake haikubadilika, ililigeuza jambo hilo kuwa tangazo na kulipata soko.

Haifai kusahauliwa, pia, kwamba mlango wa ukumbi ule haukuwa wazi kwa kila mtu kwa kiasi kimoja. Jarida la Ebony, lililosomwa na Wamarekani weusi, lilichapisha mwaka 1949 makala ya kueleza kwa nini watu weusi hununua Cadillac, likitetea haki ya mtu aliyenyimwa nyumba katika mtaa mzuri kununua angalau kitu bora ambacho fedha yake inaweza kukifikia. Upande wa pili wa meza ulikuwa mgumu zaidi. Ed Davis wa Detroit alipata uwakala wa Studebaker mwaka 1940, lakini alingoja mpaka 1963 ndipo akawa mtu mweusi wa kwanza kupata uwakala wa magari mapya kwa mojawapo ya kampuni tatu kubwa, yaani Chrysler. General Motors ilifanya hivyo mwaka 1967, ilipompa Albert Johnson uwakala wa Oldsmobile huko Chicago. Picha za rangi zinazopendwa na wakusanyaji wa leo, zenye familia inayotabasamu mbele ya kioo, karibu zote ni za familia nyeupe, na si kwa bahati.

Pigo la kalenda lilitoka kwa Ford yenyewe. Mustang ilizinduliwa tarehe 17 Aprili 1964, katikati ya masika, kwenye maonyesho ya dunia ya New York na katika kumbi zote kwa pamoja, bei yake ikianzia dola 2,368, na siku ya kwanza pekee zilipokelewa oda zaidi ya 22,000. Mwalimu mmoja kijana wa Chicago aliuziwa la kwake siku mbili kabla, na rubani mmoja huko Newfoundland, Kanada, akauziwa gari lenye namba ya kwanza kabisa, ambalo kampuni ilikusudia kulihifadhi na baadaye ikalazimika kumbembeleza alirudishe kwa kubadilishana na jipya. Ulikuwa uzinduzi uliofanikiwa kuliko wowote wa zama zile, na ulithibitisha kwamba vuli haikuhitajika. Sheria za usalama na za moshi zilizofuata, kupanda kwa bei ya mafuta mwaka 1973 na magari madogo kutoka Japani viliifanya ngozi mpya ya kila mwaka kuwa anasa, na uzinduzi ukatawanyika katika miezi yote hadi haukutambulika tena.

Mtu anayetaka kuuona ukumbi wa zamani leo anaweza kwenda Ypsilanti, Michigan, ambako nyumba ya wakala wa mwisho wa Hudson imegeuzwa makumbusho, au Dayton, Ohio, ambako ukumbi wa Packard wa mwaka 1917 umehifadhiwa pamoja na magari yake. Lakini kielelezo kinachofundisha zaidi kilitokea katika mji mdogo wa Pierce, Nebraska, Septemba 2013, katika mnada wa mali ya Lambrecht Chevrolet, uwakala uliofanya kazi kuanzia 1946 hadi 1996. Mwenyewe alikuwa na tabia isiyo ya kawaida kwa wakala, kwani gari ambalo halikununuliwa hakuliteremshia bei toleo jipya lilipofika, bali aliliweka kando. Maelfu ya watu walikusanyika kugombea magari karibu 500, na pikapu moja ya 1958 aina ya Cameo, iliyokuwa imetembea umbali usiofika kilomita tatu, iliuzwa kwa dola 140,000. Pikapu hiyo ilifanywa kuukuu na vuli ya 1958, wakati karatasi zilipoondolewa mbele ya toleo la 1959, na ikarudishiwa thamani na watu walewale, au watoto wao, waliokuwa wamefundishwa kuidharau.

Inaonekana, basi, kwamba kinacholiliwa si gari. Magari ya leo ni salama zaidi, hayaoti kutu ndani ya miaka mitatu, na hayahitaji kufunguliwa boneti kila Jumamosi. Kinacholiliwa ni siku ambayo mji mzima ulitazama kitu kimoja kwa wakati mmoja, pamoja na duka ambalo mwenyewe alikuwa jirani, na hamu hiyo ni halali hata kama siku yenyewe ilipangwa na idara ya mauzo. Isiyo halali ni ile inayodai kwamba biashara ilikuwa safi zaidi. Katika kumbi zile bei haikuandikwa popote. Wakala aliweza kuipandisha apendavyo, kisha akajifanya mkarimu kwa kumpa mteja thamani kubwa ya gari lake la zamani, na katikati ya miaka ya 1950, kampuni zilipowasukumia mawakala magari kuliko walivyoweza kuuza, hila hizo zilizidi kiasi cha kuwafanya wananchi walalamike mbele ya Baraza la Seneti. Seneta Mike Monroney wa Oklahoma ndiye aliyesimamia sheria ya 1958 iliyoamuru kila gari jipya libandikwe karatasi yenye bei iliyopendekezwa na kiwanda, bei ya kila kifaa cha ziada na gharama ya usafirishaji. Karatasi hiyo bado inabandikwa kwenye kioo cha kila gari jipya linalouzwa Marekani, na kwa mujibu wa sheria hairuhusiwi kubanduliwa na yeyote kabla gari halijakabidhiwa kwa mnunuzi.